Mbwa Wetu Wanajua Fimbo, Hawajui Kamba

SEHEMU YA 1

Mama zangu wa Buswelu, na nyinyi wa Kiseke, Nyamhongolo na Nyakato mnaonifuata hapa. Najua niliahidi kuendelea na mada ya mama anayenyonyesha akirudi kazini. Itasubiri. Leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Septemba 28 inakaribia, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Gari la matangazo litapita, spika juu, "leteni mbwa wenu wapate chanjo". Sawa. Sasa ngoja niwaambie nilichokiona kwa macho yangu siku moja kama hiyo, mtaa siutaji.

Watu walikuja. Hilo likumbukwe. Lakini nani aliyeleta mbwa? Watoto. Baba yuko kazini, mama yuko sokoni, anatumwa mtoto wa darasa la tatu na mbwa ambaye hajawahi kufungwa kamba tangu azaliwe. Mwingine kamfunga kwa waya wa umeme, mwingine kwa kipande cha chandarua. Mbwa wa nyumba thelathini wamerundikwa kwenye uwanja mmoja, saa sita ya mchana, jua la kwetu mnalijua, hakuna hata beseni la maji. Mmoja akabweka, wote wakalipuka. Watu wazima wakashika marungu. Kufika saa saba mtoto kang'atwa mkono, mbwa wawili wamekata kamba wamekimbilia kwenye mawe, na waliokuwa wanakuja na mbwa wao wamegeuzia njiani. Chanjo zikarudi kwenye boksi la barafu kama zilivyokuja.

Jioni nikasikia mtu anasema, "Watu wa huku hawana mwamko." Jamani! Mwamko walikuwa nao, wamesimama juani nao. Siku yenyewe ndiyo ilikuwa mbovu.

Ninachosema ni hiki, na nitakisema mpaka mnichoke: mbwa hafundishwi kamba siku ya sindano. Anafundishwa kabla, pole pole, pamoja na wenzake, kwenye siku ambayo yeye na watoto wetu wanaifurahia. Nataka Buswelu tuwe na Jumamosi za mbwa. Wanaocheka wacheke, tunaendelea.

SEHEMU YA 2

Kuna dada ameniuliza, "Nesi, haya ya mbwa si ya bwana mifugo? Wewe yanakuhusu nini?"

Yananihusu kwa sababu bwana mifugo humwona mbwa, mimi humwona mtoto. Niliwahi kukaa zamu ya usiku na mtoto aliyeletwa akiwa tayari anaogopa maji. Ukimsogezea kikombe, koo linajikaza lenyewe. Kidonda cha mguuni kilishapona zamani, mama yake alikuwa ameshakisahau. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Ugonjwa huu ukishaanza kuonyesha dalili, hospitali haina tena cha kumwokoa nacho. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa mwaka, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Hapa kwetu Tanzania makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifika karibu vifo 1,500 kwa mwaka. Na kuuzuia kunawezekana: mbwa 70 katika kila 100 wakipata chanjo, na zoezi likirudiwa kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kupitia.

Hesabu hiyo ya 70 ndiyo inayoninyima usingizi. Hatuwezi kuifikia kwa mbwa wasioshikika.

Na kabla sijasahau, maana kila nikiandika mtu ananifuata inboksi kuuliza. Mtoto aking'atwa, au hata akiparuzwa au kulambwa kwenye kidonda, osha hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa. Usipake pilipili, usipake mafuta ya gari, usipake tumbaku. Halafu zahanati siku hiyo hiyo. Sindano zina ratiba, usiruke hata moja kwa sababu kidonda kimekauka. Mwaka 1885 mama mmoja wa Alsace alisafiri na mwanawe wa miaka 9, Joseph Meister, hadi Paris kwa Louis Pasteur, baada ya mbwa kumng'ata mara nyingi. Chanjo ilikuwa haijazoeleka kwa binadamu. Yule mama hakusubiri aone kama kidonda kitapona. Mtoto akapona, akaishi mpaka utu uzima. Septemba 28 yenyewe ni tarehe aliyofariki Pasteur.

SEHEMU YA 3

Hii ni ya akina baba. Mama, mpe simu asome.

Kuna msemo hapa mtaani kwamba mbwa asipopigwa hawi mkali, na asipokuwa mkali mwizi anaingia. Kwa hiyo mbwa anapigwa akila, anapigwa akilala mlangoni, watoto wanamrushia mawe wakitoka shule na hakuna anayewakemea. Halafu unashangaa anapomng'ata mtoto wa jirani aliyeinua mkono kumsalimia mwenzake! Mbwa aliona mkono umeinuka. Kwa maisha yake yote mkono ukiinuka, jiwe linafuata.

Huyo hana ukali, ana woga. Na mbwa mwoga hachagui mwizi, anamng'ata aliye karibu na aliye mfupi. Nyumbani kwako aliye karibu na aliye mfupi ni nani?

Mnataka ushahidi kwamba mnyama hufunzwa kwa raha? Hatuna haja ya kwenda mbali. Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna shirika la APOPO linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na wengine kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Sisi wahudumu wa afya tunawajua kwa hiyo kazi ya pili. Panya! Anazoeshwa watu tangu mdogo, akifanya vizuri anasikia mlio mdogo wa "tik", anapewa ndizi kidogo. Basi. Panya mmoja mzaliwa wa hapa hapa Tanzania, Magawa, alipelekwa Kambodia akatafuta mabomu na milipuko zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Hakuna aliyemfundisha kwa fimbo.

Sasa kama panya anafundishika kwa ndizi, mbwa wa Mwanza atashindwa kufundishika kwa dagaa?

SEHEMU YA 4

Wengi mmeuliza hiyo Jumamosi inakuwaje. Nimeijaribu na majirani sita kwenye kiwanja kisichojengwa karibu na kwangu, kwa hiyo nasema nilichokifanya.

Kwanza, walimu. Mnawajua wale vijana wanaopandisha kwenye vilima vya mawe Jumapili na mbwa wanne watano, wanafuata kwale, kanga na pimbi? Wengi wenu mnawaita wahuni. Kuwinda bila kibali ni kosa, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ipo, siwatetei kwa hilo. Lakini niambieni, ni nani mwingine mtaani kwetu anapiga mluzi mmoja na mbwa watano wanarudi miguuni pake? Huo ni ujuzi, na tunauacha ufe au uishie polisi. Nilimfuata mmoja wao nikamwambia mdogo wangu, njoo utufundishe. Alidhani namtania. Jumamosi alifika wa kwanza, amevaa shati la kanisani.

Huko Uingereza na Marekani kuna watu wana vilabu kabisa vya mbwa wa ndege. Ni mbwa waliofunzwa kunusa kwale kwenye majani, akimpata anasimama kama sanamu, mguu mmoja juu, mpaka mwenyewe afike. Siku za mazoezi yao hukusanyika na familia zao, kila mbwa anapewa zamu yake fupi huku wengine wakisubiri wamefungwa kivulini, na wakimaliza watu wanakula pamoja. Sisi kwale hatuwahitaji. Lakini huo utaratibu wa zamu na kivuli ndio uliokosekana uwanjani siku ile.

Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa mbili tumemaliza, jua halijawa kali. Mbwa wasizidi kumi. Wakizidi, wengine waje Jumamosi inayofuata. Kati ya mbwa na mbwa hatua kumi, kila mmoja na mti wake au kigingi chake, na kila nyumba na beseni lake la maji. Mbwa jike aliye kwenye joto abaki nyumbani, la sivyo hamtafundisha kitu, mtaamua ugomvi tu. Na mbwa yeyote aliyebadilika tabia, anatoa udenda, anang'ata vitu ovyo, au mpole ghafla kupita kawaida, asiletwe wala asishikwe. Mwite afisa mifugo wa kata. Kwa hilo sina mzaha. Na wiki ya kwanza tulianza na mbwa waliokwishachanjwa tu. Wengine walizoeshwa kamba nyumbani kwao kwanza.

Kamba ni ya katani au pamba. Waya hapana. Mkanda wa shingo nilishona kwa kipande cha jinzi iliyochakaa, vidole viwili vipite kati yake na shingo. Dagaa wakavu mfuko mmoja, unawakata vipande vidogo. Mbwa akitembea hatua tatu kamba ikiwa imelegea, dagaa. Akikaa aguswe sikio, aguswe paja pale sindano itakapoingia, dagaa. Dakika tano, anarudi kivulini, anakuja mwingine. Mwache wakati bado anataka kuendelea. Hili kijana wetu alilisisitiza sana, na mimi nikakumbuka watoto na vitabu, ni vile vile.

Halafu kuku. Tunamweka tetea ndani ya tenga katikati ya uwanja, mbwa anapitishwa mbali, kisha karibu kidogo, kisha karibu zaidi, akimwangalia mwenye dagaa badala ya kuku analipwa. Hapo ndipo majirani waliokuja kutucheka walipoacha kucheka, maana ugomvi wa mbwa aliyekula kuku wa watu umeshafikishwa kwa mwenyekiti wa mtaa mara ngapi?

Watoto wadogo wanakaa kwenye mkeka na mama mmoja, wanaangalia. Wa miaka minane kwenda juu wanashika kamba, mtu mzima akiwa pembeni ameshika ncha ya pili. Na wote tunacheza "kuwa mti": mbwa usiyemjua akija unasimama, mikono umeikunja kifuani, macho chini, kimya, mpaka anuse aondoke. Mtoto wa jirani yangu ana miaka mitano, sasa akiona mbwa barabarani anakuwa mti katikati ya njia na bodaboda zinampigia honi. Tunalifanyia kazi hilo.

Sheria iliyoleta kelele ni moja: anayempiga mbwa anakabidhi kamba, anakaa benchi. Baba mmoja alikaa benchi wiki mbili mfululizo. Ya tatu alikuja na dagaa wake.

Mwisho uji na mihogo ya kuchemsha, mikono imeoshwa kwa sabuni kwanza. Wanaume walianza kuja kwa ajili ya mihogo, sijali.

SEHEMU YA 5

Majibu mafupi kwa walioniandikia.

"Wengine ni Waislamu, hawataki mate ya mbwa." Na wana haki yao. Ndiyo maana uwanja uwe mbali na msikiti na njia ya kwenda huko, mbwa wawe kwenye kamba, na maji yawe ya kutosha. Jirani yangu mama mmoja wa Kiislamu hashiki mbwa, lakini ndiye anayeongoza mkeka wa watoto, na "kuwa mti" anaifundisha kuliko mimi.

"Mbwa wangu mdogo, chini ya miezi mitatu, hachanjwi." Siku ya kampeni naye apelekwe. Shirika la Afya Duniani linataka hata wadogo wahesabiwe.

"Watu walipie kidogo ili wathamini." Hapana! N'Djamena, Chad, walijaribu. Wenye mbwa walipotozwa, mbwa waliochanjwa hawakufika hata robo. Ilipokuwa bure wakafika asilimia 70. Viongozi wanaonisoma, na najua mpo, bajeti ya chanjo ya mbwa msiipunguze halafu mje kunitafutia dozi za watoto.

Na ombi langu kwao ni dogo. Tangazo litoke wiki nne kabla, siyo siku mbili. Muwe na vituo vidogo vingi, asubuhi, chini ya miti, badala ya uwanja mmoja mchana. Msipokee mbwa aliyeletwa na mtoto peke yake. Na vijana wenye mluzi walipwe posho kama mnavyowalipa wapiga spika.

Wa mwisho ni baba aliyeandika, "Nesi, wangu hakamatiki, akiona kamba anaruka ukuta." Kaka yangu, usije naye Jumamosi hii. Leo jioni weka kamba chini pembeni ya chakula chake, usimfunge. Kesho hivyo hivyo. Keshokutwa mvalishe mkanda wa jinzi wakati anakula, umvue akimaliza. Siku ya tano funga kamba, iache aiburute uani ukiwa unamwona. Jumamosi ijayo njoo wewe na mtoto bila mbwa, muangalie wenzenu. Beseni utaleta ile inayofuata.