Talaka bila wakili: sheria inaruhusu, lakini pima kwanza

Swali hili linarudi mara nyingi kwenye redio, hasa kutoka kwa wamama waliokimbia vita na kupanga Beni, Oicha ao Butembo: mtu asiye na pesa ya wakili anaweza kuomba talaka mwenyewe? Jibu langu ni ndiyo. Lakini si kila mtu afanye hivyo.

Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inapeleka kesi ya talaka kwenye mahakama ya amani, ile tunayoita tripaix. Bibi ao bwana anapeleka ombi lake kwa maandishi ao kwa mdomo, na kueleza sababu. Wakili si lazima. Mbele ya kesi yenyewe, hakimu anajaribu kwanza kuwapatanisha.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wakisikia bei ya wakili wanakimbilia barua ya mkubwa wa mtaa, ao kikao cha familia ambapo mahari inarudishwa na watu wanaachana. Ndugu zangu, hiyo si talaka. Kwetu Kongo ni hakimu tu anayevunja ndoa. Kumfukuza bibi kunakatazwa hata kama desturi inakubali. Mama aliyeachwa kwa kikao bado ni bibi ya yule bwana mbele ya sheria. Siku anataka kuolewa kwenye état civil, ao bwana amekufa na urisi unagawanywa, matatizo yanaanza upya. Kukosa wakili si hatari kama kukosa hakimu.

Basi nani anaweza kwenda peke yake? Ni yule ambaye ndoa yake iliandikishwa, hana ugomvi juu ya watoto wala kiwanja, na mwenzake hapingi. Hata hivyo, kupatana kuachana hakutoshi: hakimu anataka kuona kwamba ndoa imeharibika kabisa na haiwezi kutengenezwa. Tayarisha cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mashahidi wanaojua maisha yenu. Kama makaratasi yaliungua pamoja na nyumba, uliza kwa greffier namna ya kupata mengine. Kama bwana alibaki kijijini ao yuko mji mwingine, uliza pia ni mahakama gani inahusika, usije ukapoteza safari na pesa.

Lakini kama unapigwa ao unatishwa, kama kiwanja mlichonunua pamoja kimeandikwa kwa jina lake, kama mnagombania watoto, ao kama mwenzako ameleta wakili, usiingie peke yako. Kiwanja kinachopotea kwa sababu hukujua kujitetea kina bei kuliko wakili.

Na mbele ya kusema hauna pesa, ulizia ofisi ya mashauri ya bure ya mawakili, ao shirika linalosaidia wanawake kwa mambo ya sheria. Omba kwenye commune attestation d'indigence, karatasi inayoonyesha kwamba hauna uwezo. Ukipata wakili wa kulipa, mpatane bei kwa maandishi na uombe risiti kila mara. Mtu anayekukamata kwenye baraza la mahakama na kusema anamjua hakimu, usimpe hata franka moja.

Hukumu ikitoka, omba nakala na uulize siku za kukata rufaa, kwa sababu ni chache. Rufaa inaenda tribunal de grande instance.

Wakubwa wetu nao wana deni. Bei za mahakama zibandikwe mlangoni, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Na mawakili wa mashauri ya bure wafike hadi kwenye kambi za wahami, kwa sababu mama anayetafuta chakula cha leo hana pesa ya pikipiki ya kwenda mjini kuuliza haki yake.