Mgeni harudi juu ya mlima, anarudi juu ya mtu

Wandugu vijana wa Butembo, wa Beni na wa fasi zote za Grand Nord,

Niko na miaka 26. Niko na diploma ya chuo kikuu, upande wa utalii. Kazi sina. Kazi yangu ya mwisho wa masomo niliiandika juu ya utalii katika Kivu ya Kaskazini, na nilipata pointi nzuri. Lakini mpaka mwaka jana sikuwa nimetembeza mgeni hata mmoja.

Mwaka jana tulikuwa na kilio mu familia. Binti ya baba mdogo, aliyezaliwa Ubelgiji, akaja Butembo kwa mara ya kwanza. Alipita Uganda, akaingia kwa Kasindi. Kisha mazishi, wazee wakaniambia: "Wewe si ulisoma mambo ya turisti? Umtembeze dada yako basi."

Nikaita wamotari wawili. Nikampeleka katikati ya muji, kwenye maduka, kwenye kanisa, kisha tukarudi huku Mususa tukapanda kilima apige picha. "Hii ni soko. Hii ni kanisa. Hii ni barabara ya kwenda Beni." Basi, ni hayo tu. Nilikuwa kama kibao cha barabarani.

Wakati tunashuka, akaniuliza: "Kaka, juu ya nini hapa kila mtu anaitwa Paluku, Kambale, Kasereka? Wote ni familia moja?" Nikacheka. Nikamjibu: "Hapana, ni majina tu ya kwetu."

Wandugu, mimi mwenyewe ni Kasereka. Lile jibu niko nalo tangu utoto, kama ninyi wote. Lakini niliona ni kitu kidogo, kitu cha nyumbani. Kwa akili yangu, utalii ni volkano, ni gorila, ni hoteli yenye bwawa la kuogelea.

Mama mmoja aliyeuza ndizi pembeni alitusikia. Akashika mkono wa dada yangu, akahesabu kwa vidole vyake: Paluku, mtoto mwanaume wa kwanza kwa mama yake. Kambale, wa pili. Kasereka, wa tatu. "Na wewe, jina?" Dada akataja jina lake la Kizungu. "Hapana, ile ingine." Akasema polepole: "Masika. Lakini iko kwenye paspoti tu." Mama akapiga makofi: "Masika! Kumbe wewe ndiye binti wa kwanza wa mama yako!"

Dada yangu akanyamaza. Miaka 24 alibeba lile jina kwenye karatasi, na hakuna mtu aliyemwambia linasema nini. Tulikaa pale karibu saa nzima. Picha hakupiga hata moja.

Miezi michache nyuma akaniandikia: anatafuta pesa ya tiketi, anataka kurudi na mdogo wake. Habari ya kilima hakuuliza. Aliuliza: "Yule mama bado anauza pale?" Kama mimi bado ninatembeza watu, hakuuliza. Iliniuma, lakini alikuwa na haki.

Tangu siku ile ninafikiri hivi: uzuri wa fasi unaweza kumleta mgeni mara moja. Kinachomrudisha ni mtu aliyemfungulia ile fasi. Na kufungua fasi ni ufundi, kama useremala, kama ufundi wa magari. Mtu anajifunza, anakosea, anaanza tena.

Tuchukue Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo wenye mistari iliyochongwa. Una miaka karibu 20,000, na leo uko Brussels. Mwongozaji mmoja anaweza kumwambia mgeni: "Hapa waliokota mfupa wa zamani, twende mbele." Mwingine anachukua kijiti, anachora mistari kwenye mchanga: 11, 13, 17, 19. Anamwambia mgeni: "Hesabu." Mgeni anahesabu, jumla 60. Anamuuliza: "Unaona nini katika hizi namba?" Zote haziwezi kugawanywa ila kwa moja na kwa zenyewe. Ni hesabu ya makusudi ama ni bahati? Wataalamu wanabishana mpaka leo. Mgeni akirudi kwao, na yeye atabishana mezani na ndugu zake. Fasi ni ile ile, mfupa haupo, lakini wageni hawa wawili hawakuona kitu kimoja.

Tuangalie pia Ruwenzori. Mlima ni mmoja, kilele cha Margherita kiko meta 5,109, na mpaka wa Kongo na Uganda unapita palepale. Upande wetu ni parke ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, ya kwanza katika Afrika, urithi wa dunia tangu 1979. Upande wao parke ilianzishwa 1991 tu. Lakini leo mtu akitaka kupanda Ruwenzori, anaenda Kasese. Kule anapandishwa na Wakonzo, ndugu zetu kabisa: Paluku wetu kwao ni Baluku, Kambale ni Bwambale, Kasereka ni Masereka, na "wasingya" ni asante pande zote mbili. Karibu wiki nzima mgeni anatembea nyuma ya mwongozaji mmoja. Ni yeye anayemwambia apunguze mwendo kabla kichwa hakijaanza kuuma. Ni yeye anayemsimulia Kitasamba, mwenye ile theluji, usiku wakiota moto. Mgeni akishuka, jina la yule kijana ndilo anawapa rafiki zake.

Ninajua mtakachonijibu: "Kasereka, watu wanachinjwa Beni tangu mwezi wa kumi 2014, état de siège iko tangu mwezi wa tano 2021, na wewe unatuletea habari ya turisti?" Ni kweli. Njia yetu ya mlima, ile inayopandia Mutwanga, haikufungwa na ukosefu wa waongozaji. Ilifungwa na vita. Hata parke yote ya Virunga ilifunga utalii mwezi wa tano 2018, kisha mlinzi mmoja kuuawa na wageni wawili Waingereza kutekwa. Simwambii mtu yeyote aje leo kutembea fasi ya hatari. Mwongozaji anayedanganya juu ya usalama ni muuaji.

Lakini wageni Butembo iko nao hata leo, hatuwaoni tu. Ni wafanyabiashara kutoka Kampala, Bunia na Kisangani. Ni wanafunzi. Ni wandugu waliokimbia vijiji vyao na hawajui muji huu. Ni watoto wa diaspora wanaokuja kwa kilio na ndoa. Kila mmoja anapokelewa na mtu: motari, mwenye kuuza, jirani, mtu wa barieri. Yule ndiye mwongozaji wake, hata kama hakusomea. Mmoja akimdanganya bei, mwingine akimwomba "kitu kidogo" juu ya kupiga picha, mgeni anafunga sanduku. Harudi, na kule kwao anawaambia wengine wasije.

Na vita ina kitu ingine inachoharibu. Wazee wanakufa katika ukimbizi, na majina ya vilima, ya mito, ya miti wanaenda nayo. Kijana anayejifunza kusimulia fasi yake kwa mgeni analazimishwa kwanza kumuuliza mzee. Hata kama turisti hatakuja miaka kumi, ile kazi haitakuwa bure.

Basi, kwetu sisi vijana, tuanze na kidogo. Kila mmoja achague njia moja ya kartie yake, ya saa moja kwa miguu. Aulize wazee watatu juu ya njia ile. Aandike. Kisha amtembeze mtu, aseme bei mbele ya kuanza, na asiloulizwa akalijua asilitunge. Akiona mgeni amesimama kwenye kitu, na yeye asimame. Mimi nimeanza na barabara ya Lubero, kusini ya muji, pale mstari wa ikweta unapita na watu wanaupita kila siku bila kugeuza kichwa.

Na kwa wakubwa wa komine na wa muji: pesa hatuwaombi. Tunadai vitu viwili. Kwanza, vijana watakaojitolea kupokea wageni waandikwe kwenye orodha na wapewe kadi, bila kulipa franka hata moja. Pili, mgeni mwenye karatasi zake sawa asikamuliwe kwenye barieri. Na usalama, huo hatuachi kuudai, juu ni deni lenu la kwanza.

Dada yangu Masika akirudi, nitampeleka tena kwa yule mama wa ndizi. Safari hii ninaenda na daftari, nikae chini, nijifunze.