Mkubali mtoto na meno yake, usiyakubali maji

Mama mmoja wa Kinyangiri, wilayani Mkalama mkoani Singida, ameniandikia kuhusu binti yake wa darasa la sita. Meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia tangu yalipoota. Wenzake wanamwita Kutu. Ameacha kunyoosha mkono darasani hata pale anapojua jibu, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, na majuzi mama alimkuta nyuma ya nyumba akiyasugua meno kwa mchanga na majivu hadi fizi zikatoka damu. "Namwambia kila siku kuwa ni mzuri na ajiamini," anaandika mama, "lakini hanisikii."

Anakusikia sana, mama. Ila haamini unachomwambia, kwa sababu kioo kipo nyumbani na wewe unaongea kama hakipo.

Siku hizi tumezidisha ushauri wa "jiamini" na "waza mazuri". Umejaa redioni na kwenye simu, na kwa mtu ambaye tayari yuko sawa hauna neno. Kwa aliyeumia ni jambo jingine. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake nchini Canada walichapisha utafiti kuhusu watu wanaorudiarudia kujiambia kuwa wao ni wa kupendeka. Wale waliokuwa wanajithamini kidogo walijisikia vibaya zaidi baada ya kurudia maneno hayo kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakuyarudia. Sifa usiyoiamini inakukumbusha tu kile unachodhani huna.

Kwa hiyo, kabla ya sifa, mpe binti yako maelezo. Nadhani hajawahi kupewa.

Mwambie madoa yale hayakutokana na uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki. Yametokana na floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba na kuyeyuka katika maji ya ardhini. Singida ni miongoni mwa mikoa yenye tatizo hilo, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Shinyanga na Mara. Floraidi kidogo huyasaidia meno, lakini ikizidi katika miaka minane hivi ya mwanzo ya maisha, huharibu tabaka gumu la nje la jino wakati jino bado linajengwa ndani ya ufizi. Yaani yalipochomoza, kazi ilikuwa imekwisha. Alikuwa mtoto wa kunyonya na wa kubebwa mgongoni, angefanya nini? Mwambie pia kwamba hayaambukizi, na kwamba mchanga, majivu au mkaa havitoi doa lililo ndani ya jino, vinalila jino lenyewe.

Na wewe mama, usijibebeshe lawama. Ulimpa maji yaliyokuwapo. Serikali yenyewe, katika viwango vya muda vya mwaka 1974, iliruhusu hadi miligramu 8 za floraidi kwa lita, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine. Baadaye ikashushwa hadi 4, na sasa kiwango ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaohubiri kujikubali kwa kila kitu. Binti ayakubali meno yake, sawa. Maji hatupaswi kuyakubali. Kama ana mdogo wake wa miaka mitatu, meno ya kudumu ya huyo bado yanajengwa leo. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huumiza hata mifupa.

Usidhani kisima chenu ni kibaya au kizuri kwa kukitazama, maana floraidi haina rangi, na visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana. Ulizeni jumuiya ya watumia maji, au ofisi ya RUWASA ya wilaya, majibu ya vipimo vya kisima chenu. Kama hayapo, ombeni kipimwe. Ni haki yenu, na wazazi kumi wakienda pamoja husikilizwa kuliko mmoja.

Wakati mnasubiri, mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi sita, kwani yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji yenye nyingi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri wawekewe wadogo kwanza. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki. Magadi ya kulainishia maharage yapunguzwe, kwa sababu baadhi yana floraidi nyingi. Dawa ya meno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu iwe kiasi cha punje ya mchele, kisha hadi miaka sita kiasi cha punje ya njegere, na afundishwe kutema.

Binti mwenyewe anaweza kuonwa na daktari wa meno. Madoa mengine hupunguzwa, mengine hufunikwa kwa dawa nyeupe ya kuzibia. Kuna gharama, na si lazima ifanyike mwaka huu. Kutaka kuyarekebisha siyo kujikataa, kama ambavyo kuvaa miwani siyo kuyachukia macho.

Nenda shuleni pia. Usimpeleke mwalimu malalamiko peke yake. Mwombe afundishe kuhusu floraidi katika somo la sayansi, bila kumtaja binti wala kumsimamisha mbele. Nina hakika si yeye peke yake mwenye madoa, na huenda hata anayemwita Kutu anayaficha ya kwake.

Umeniuliza kuhusu picha ya shule, kama umwambie mpiga picha ayafanye meno yawe meupe kwenye kompyuta. Usimwambie hivyo bila kumuuliza mwenyewe, maana akiiona atajua na wewe unayaonea aibu. Muulize anatakaje. Akitaka kufumba mdomo, afumbe, wapo watu wengi wazima wanaopigwa picha hivyo. Akitaka kucheka, simama pale nyuma ya mpiga picha umchekeshe.