PUA SI MLINZI WA KUAMINIWA

Mara kwa mara nchini mwetu husikika habari za mtu aliyeteremka katika shimo la choo, pengine kutafuta simu iliyoanguka, asipande tena. Jirani naye huingia kumwokoa, akabaki humo humo. Watu huuliza, "Kwani hakusikia harufu?" Mimi nasema pua ndiyo iliyomponza.

Gesi ya haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza. Lakini inapozidi, huilemaza pua, harufu ikatoweka. Mtu hudhani hewa imekuwa safi, kumbe mauti yamekaribia. Isitoshe, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala chini shimoni.

Maoni yangu ni kwamba rangi itangulie kushuka kabla ya binadamu. Wanafunzi wenzangu, sote tumeona katika maabara karatasi nyekundu ya litmasi ikigeuka buluu kwa amonia. Wengi wetu huona huo ni mchezo wa Kidato cha Kwanza. Mdharau mwiba mguu huota tende! Wataalamu wamelichukua wazo lilo hilo wakalipeleka mbali. Huchukua uzi mwembamba wa kioo, yaani faiba, wakaupaka sehemu yake rangi kama vile bromokresoli, ambayo amonia huigeuza kutoka manjano hadi zambarau. Mwanga hupitishwa ndani ya uzi huo. Rangi ikigeuka, mwanga unaokifikia chombo kilicho juu hubadilika, nacho kikatambua. Kila gesi hutafutiwa kemikali yake. Uzuri ni kwamba umeme hubaki juu. Hakuna cheche ya kuwasha methani iliyo shimoni.

Ati ni ghali? Ati rangi huchakaa na unyevu huidanganya? Sikatai. Ndiyo maana sharti shimo liingizwe hewa safi kwanza, na fundi afungwe kamba. Lakini faiba si ngeni kwetu. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Ikiwa uzi huo hutuletea mpira kutoka Uingereza, mbona usituletee habari za shimo lililo nyuma ya nyumba?

Naviomba vyuo vya ufundi na vyama vya sayansi shuleni vilijaribu jambo hili. Kwa sasa, ndugu yangu, simu ikianguka chooni, iache. Simu hununuliwa, roho haina duka.