Jina la Liti Lisiishie Uwanjani

Upo uongo ambao sisi wa Singida tumeuzoea hata tukaufanya hekima: kwamba nchi yetu ni ya kupitiwa tu. Mabasi ya Dodoma na Mwanza hukatiza Ikungi, abiria wakaitazama miamba na mashamba ya alizeti, kisha wakasinzia. Nasi tumeridhika kwamba utalii ni wa Arusha, na historia ya vita ni ya Songea na Kalenga. Mimi sikubali.

Wazee wa Kinyaturu husimulia habari za Liti Kidanka, mwanamke wa Makiungu katika wilaya hii ya Ikungi, aliyewakabili Wajerumani kwa jeshi la nyuki mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi yanasema kuwa bunduki zilishindwa mbele ya mizinga ya nyuki, mpaka usaliti ulipowafungulia adui mlango, naye akauawa. Leo jina lake liko kwenye uwanja wa mpira wa mjini Singida, ule uliokuwa ukiitwa Namfua. Ni heshima, lakini ni heshima isiyotugharimu kitu. Vijana wanaoimba majukwaani wangapi wanajua Liti ni nani?

Tuwatazame majirani. Kule Taita Taveta, Kenya, kilima cha Salaita, palipopiganwa Februari 1916, sasa ni mahali pa kutembezwa wageni. Mwaka uleule majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliiteka Kondoa mwezi Aprili, yakaingia Dodoma mwishoni mwa Julai. Kusini mwetu, Kilimatinde ilikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani. Nyanda hizi za kati zilikanyagwa na vita vile, na mzigo wake ulibebwa kwa vichwa vya Waafrika. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuwa takriban 95,000. Majenerali wana vitabu. Wapagazi wengi hawana hata kaburi linalojulikana.

Kwa hiyo nasema: ifunguliwe njia ya miguu na baiskeli ianzie Ikungi, ipite Makiungu, na hatimaye iunganishwe na Kilimatinde na Kondoa. Vijana wakimbie humo asubuhi, wanafunzi wapande miamba, mgeni alale kijijini na kuonja asali ya wafugaji nyuki wetu. Lakini ianze na Liti. Njia itakayoanza na vita vya wakubwa wa Ulaya itatugeuza tena wapagazi, safari hii wa mabegi ya watalii.

Najua majibu yatakayotolewa. Kwamba fedha hakuna. Kana kwamba kusafisha njia na kusimika vibao ni kujenga reli. Kwamba habari za Liti ni simulizi tu. Kana kwamba waliochomewa vijiji wangeandikiwa kumbukumbu na waliowachoma. Simulizi huchunguzwa, hazidharauliwi. Fuvu la Mkwawa lilirejeshwa mwaka 1954, na leo Kalenga ina makumbusho. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi. Songea ilisikika kwa sababu ilikuwa imetunza makumbusho yake na kuwaenzi mashujaa wake kila Februari. Ikungi itasikikaje ikiwa yenyewe imenyamaza?

Hofu yangu ni nyingine. Njia hii ikija kama mradi wa wakubwa, mwananchi atapokonywa shamba kwa jina la shujaa wake mwenyewe. Ardhi ibaki ya vijiji, waongozaji wawe watoto wa vijiji hivyo, na mapato yasomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji. Kabla ya yote, halmashauri iwapeleke walimu na wanafunzi wakawarekodi wazee. Kila mzee anayezikwa bila kuulizwa anaondoka na kipande cha njia hiyo.

Liti hakuilinda ardhi hii ili sisi tupite juu yake tukiwa tumesinzia.