Waragi wa kienyeji: tuukimbize au tuusimamie?



Katika mitaa ya Kampala wanakoishi wakimbizi wengi, kama Katwe, Kisenyi na Nsambya, kuupata waragi wa kienyeji si kazi. Wanaoupika wengi ni akina mama, na pesa yake ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto. Askari wakija, mitungi inamwagwa, mama anakamatwa au anatoa kitu kidogo. Baada ya siku chache moto unawashwa tena, safari hii mahali pa siri zaidi. Je, msako wa namna hii unalinda afya ya nani?

Swali hili si jipya Uganda. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilikataza kupika bila leseni, lakini iliacha mlango wazi: mwenye leseni aliuza enguli yake kiwandani, ikasafishwa na kutiwa chupani kwa jina la Uganda Waragi. Wasio na leseni waliendelea kupika mafichoni.

Na mafichoni ndiko sumu inakoingia. Methanoli ni kemikali ya viwandani. Kwa macho huwezi kuitofautisha na pombe ya kunywa. Mfanyabiashara mwenye tamaa huichanganya na waragi ili apate faida ya haraka. Mwaka 2010 huko Kabale, waragi wenye methanoli uliua watu wapatao 80 katika muda wa wiki chache. Juni 2017 watu walikufa kwa sumu hiyo hiyo pembezoni mwa Kampala. Biashara ikiwa ya siri, hakuna anayepima, hakuna anayejua mzigo umetoka wapi, na mgonjwa anaogopa kusema alichokunywa.

Viongozi wa dini na wazazi wanasema kuruhusu ni kubariki. Hoja yao ina uzito, kwa sababu pombe imevunja nyumba nyingi na kuleta vipigo. Lakini kusimamia si kubariki. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2015 haikumfunga mtu kwa kuwa anavuta sigara. Ilikataza kumwuzia aliye chini ya miaka 21 na kuvuta mahali pa umma. Vilevile, mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku waragi wa sacheti, ambao hata mtoto aliweza kuununua na kuuficha mfukoni.

Tusijidanganye pia kwamba karatasi ya leseni inatosha. Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka 2010 kwa masharti ya chupa na ubora, lakini Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye methanoli. Sheria bila upimaji ni maneno matupu.

Kwa maoni yangu, leseni ya mpishi mdogo iwe ya bei anayoiweza, na kitambulisho cha mkimbizi kikubaliwe. Pombe ipimwe mara kwa mara. Kumwuzia mtoto kuwe kosa. Adhabu kali aachiwe anayetia sumu, si mama mwenye mtungi mmoja. Na anayetaka kuacha pombe apate msaada wa matibabu bila kuaibishwa.

Wakati tunasubiri hayo, kumbukeni dalili za methanoli: macho kuona ukungu, kichwa kuuma sana, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa haraka. Zinaweza kuchelewa siku nzima au zaidi baada ya kunywa, na mtu akadhani ni uchovu wa pombe tu. Msimwache alale. Mpelekeni hospitali mara moja na mseme wazi amekunywa nini na lini, kwani ucheleweshaji unaweza kumpofusha au kumwua. Mhudumu wa afya si askari. Anauliza ili apate kutibu.