Mita janja: nani ashike swichi?

Leo tuongee stima. Mita ya tokeni tuliyoizoea haizungumzi na mtu: unanunua tarakimu 20, unazibonyeza, basi. Hadi 2024 kila tokeni ilibeba hesabu ya dakika tangu 1993, na nafasi yake ni biti 24 tu. Ndiyo maana kabla ya Novemba 24, 2024 ilibidi mita za aina hii duniani zibonyezwe tarakimu za ziada, moja baada ya nyingine.

Mita janja ingemaliza kazi hiyo kwa mbali. Safi kabisa! Lakini mita hiyohiyo inaweza kusoma matumizi yako kila nusu saa, na kukukatia stima bila fundi kufika mlangoni. Anayeziona hesabu hizo anajua unaamka saa ngapi, na lini nyumba haina mtu.

Uholanzi mwaka 2009, seneti iliukataa mswada wa kumlazimisha kila mtu kuwekewa mita hizi, faragha ikiwa sababu kubwa. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ila hiyo ni ya mambo yote. Kwa mita janja, naiomba EPRA iandike waziwazi: mteja azione data zake, zisipewe mtu mwingine bila idhini yake, na stima isikatwe kwa mbali bila ilani.

Kwangu mimi mwandika programu, amri ya kukata stima ni mistari michache tu ya kodi. Kinachoizuia ni sheria. Nyie mnaonaje?